Kadi mia za sayansi, pungufu moja

Nimetengeneza mafriji kwa miaka 36, mwanzo Ilala, sasa kibandani kwangu Buguruni, na kazi hii imenifundisha kutosifia kitu siku kinapotolewa kwenye boksi. Friji jipya kila moja linagandisha. Niulize baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo haya ninayoandika kuhusu kadi za sayansi za watoto ni ya mtu aliyezinunua mwanzoni mwa Aprili, masika yakiwa yameshika kasi, na mpaka Julai hii bado ziko mkekani kwake.

Nilizikuta Posta, Mtaa wa Samora, kwenye meza ya vitabu vya mtumba, zimebanwa kati ya kamusi isiyo na jalada na kitabu cha mapishi. Juu ya boksi pameandikwa kwamba ndani mna maajabu 100 ya sayansi kwa watoto wa miaka 7 na kuendelea. Kijana akataja elfu ishirini na tano. Nikamwambia mwanangu, mimi si mtalii. Tulivutana mpaka elfu kumi na tano, akanifungia kwenye mfuko, nikapanda daladala nikijiona mjanja. Jina la waliozichapa nitalihifadhi, maana nina maneno nao.

Kila kadi ni ya ukubwa wa kiganja. Mbele kuna picha na namba, nyuma maelezo ya mistari minne au mitano kwa Kiswahili. Orodha ya yaliyomo hakuna. Likumbuke hilo la orodha.

Wapimaji wangu ni wajukuu zangu wawili. Zuhura ana miaka 10, yuko darasa la nne, anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mdogo wake Idrisa ana miaka 7, ni mtani wangu, na neno alipendalo kuliko yote ni "uongo".

Usiku wa kwanza nilidhani nimepigwa. Zuhura alisoma kadi kumi na mbili mfululizo: nyota ile, sayari ile, mdudu yule. Wote wawili wakasema "duh!" mara kumi na mbili, kisha macho yakarudi kwenye katuni. Ya kumi na tatu ikasema yai bichi huzama kwenye maji matupu lakini huelea kwenye maji yenye chumvi nyingi. Idrisa akasema "uongo", akasimama, akaenda jikoni.

Tangu hapo nazigawa kadi hizi mafungu mawili. Kuna kadi za kukaa na kuna kadi za kuinuka. Ya kukaa inakwambia jambo, unashangaa, yamekwisha. Ya kuinuka inamtoa mtoto mkekani. Nimezihesabu: za kuinuka ni 31. Kwa elfu kumi na tano, mimi nasema nilinunua hizo 31, zile nyingine ni nyongeza ya muuzaji.

Ya yai tuliimaliza usiku uleule. Yai lilichukuliwa kwenye trei ya bibi yao bila ruhusa, likatiwa kwenye bilauri ya maji, likazama. Kijiko cha kwanza cha chumvi, kimya. Cha tatu, kimya. Kwenye cha sita likaanza kujinyanyua kama mtu aliyeamshwa daku, na kwenye cha nane likatoa kichwa nje. Nikawaeleza kwamba chumvi imeyafanya maji yawe mazito kuliko yai, na kitu chepesi daima huja juu. Kadi ina mstari wa pili: yai lililokaa sana huelea hata kwenye maji matupu, kwa sababu unyevu wake hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda, na nafasi ya hewa ndani huzidi kukua. Asubuhi wakaipima trei nzima kwenye ndoo. Mayai mawili yalisimama wima, moja likaelea kabisa. Bibi yao alikuwa amenunua trei ile jana yake. Muuza mayai alibadilisha matatu bila ubishi, na siku hizi akipita hapa anatusalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Kadi namba 27 ndiyo niipendayo. Inasema twiga, pamoja na shingo yote ile, ana pingili saba tu shingoni, sawa na binadamu. Idrisa akasema neno lake. Twiga wa kumhesabia Buguruni sina, lakini kadi inaongeza kwamba karibu wanyama wote wanaonyonyesha wana saba, na Idd el Haj ilikuwa imekaribia. Zuhura akaenda kwa bibi yake kuomba shingo ya mbuzi isikatwekatwe. Bibi akasema hajawahi kusikia nyama ya kuhesabiwa, ila akaipika nzima. Baada ya kula tukaisafisha mifupa, tukaipanga kwenye sinia. Ya kwanza ina umbo la pete. Ya pili ina kijipembe kinachoingia kwenye ile pete, na hapo ndipo kichwa kinapogeukia. Tukafika saba, kifupa cha nane kikawa kimeota mbavu, kwa hiyo si cha shingo. Idrisa alihesabu mara tatu akitafuta kosa. Kisha akajishika shingo yake mwenyewe kwa nyuma, akakaa kimya, na Idrisa kukaa kimya ni jambo la kuandikiwa kadi. Pingili moja ya twiga, nikamwambia, inaweza kuzidi sentimita 25. Wingi ni uleule, kilichorefuka ni kila pingili peke yake.

Kuna nyingine ya mifupa inayosema mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300, na mtu mzima ana 206. "Mingine inakwenda wapi?" Haiendi, inaungana. Jirani ana mtoto wa miezi miwili, wakaenda kuangalia utosi unavyopwita, pale ambapo mifupa ya fuvu bado haijakutana. Niliwafuata mbiombio, maana ninamjua mtani wangu na vidole vyake.

Sasa kuhusu ubovu, maana fundi asiyetaja ubovu anakuuzia kitu.

Kadi namba 58 ni ya radi. Inasema ukiona mwako wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa 5, utapata umbali kwa kilomita. Usiku mmoja wa Aprili, mabati yakilia kwa mvua, Zuhura alihesabu 15, akatangaza radi iko kilomita 3, huko Ilala. Mimi nikasema ngoja. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Sekunde tatu, kilomita moja. Kwa hiyo sekunde 15 ni kilomita 5. Hii tano yao imetoka wapi? Nililala nayo. Alfajiri ndiyo nikaelewa: ni hesabu ya maili. Maili moja ni kilomita 1.6, sauti huimaliza kwa sekunde tano hivi. Aliyetafsiri alibadilisha maili ikawa kilomita, namba akaiacha palepale. Ni sawa na kubandika nembo mpya kwenye friji bovu. Bahati nzuri kosa limeelemea upande wa usalama, linakwambia radi iko karibu kuliko ilivyo, lakini kosa ni kosa. Nimefuta tano kwa kalamu ya wino, nikaandika tatu.

Namba 12 nayo imekuja na begi la ugenini. Inasema saa sita mchana jua huwa upande wa kusini. Watoto walikuwa wamefunga shule mwezi wa sita, nikawaambia tuchimbie mpini wa fagio uani. Kaskazini mnaijuaje? Wakatazamana. Nikauliza kibla kiko wapi. Wote wawili wakaonyesha papo hapo, bila kufikiri. Basi, nikasema, kutoka Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo kila siku mnasali mkielekea kaskazini na hamkujua. Tukasubiri. Kivuli kilipofikia ufupi wake, yapata saa sita na dakika ishirini na kitu, kilikuwa kimelala upande wa nyuma ya kibla. Maana yake jua lilikuwa kaskazini. Kadi ni sahihi kwa mtoto wa Uingereza. Kwetu hapa, chini kidogo ya ikweta, mwezi wa sita jua liko kaskazini na Desemba liko kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita utosini kabisa na mpini uliosimama wima unakosa kivuli. Hilo la kukosa kivuli ni ajabu kubwa kuliko lililoandikwa, na boksi zima halina! Oktoba tumeizungushia duara kwenye kalenda.

Kadi tatu ni porojo za zamani ambazo mtu mzima yeyote angeweza kuzichuja. Moja inadai Ukuta wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini. Hauonekani. Ukuta ni mrefu lakini ni mwembamba, na Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa anga za juu na nchi yake mwaka 2003, aliporudi alisema hakuuona, naye alikuwa akiizunguka dunia tu, mbali sana na mwezi. Nyingine inadai samaki wa dhahabu hukumbuka sekunde tatu tu, ilhali samaki hao wamefunzwa mambo wakayakumbuka kwa miezi. Ya tatu ni ile ya kwamba tunatumia asilimia 10 ya ubongo. Hii ilinikera kikazi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Nikiletewa kifaa kinachokula umeme kiasi hicho, mtu asiniambie sehemu kubwa yake imelala.

Lugha. Hapa nawapa alama tano kwa kumi. Mtafsiri nadhani hajawahi kukaa pwani. Maji kupwa na kujaa kayaita "mawimbi ya mwezi", na maneno bamvua na maji mafu, ambayo mvuvi yeyote wa soko la samaki la Feri anayatamka kabla hajanywa chai, hayamo. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mtoto wa hapa anaweza kulipima jambo hili kwa macho tu, ufukweni, kwa kujua mwezi una siku ngapi. Kadi nyingine ina "samaki-nyota". Mimi kwetu ni Lindi, na Lindi kile ni kiti cha pweza. Jina lenyewe linachekesha kuliko kadi. Maelezo yake lakini ni kweli: kiti cha pweza hakina ubongo wala damu, kinapitisha maji ya bahari mwilini mahali pa damu.

Na kwa kuwa tumemtaja mwenye kiti: kadi ya pweza inasema ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Ilitupeleka Feri Jumamosi moja, saa moja asubuhi. Nikamuuliza muuzaji kama ni kweli. Akanitazama, akamtazama pweza. "Mzee wangu, mioyo mitatu? Kumbe nimekuwa nikipunguza bei bure." Mioyo hatukuiona, mnyama alishasafishwa. Mioyo miwili ni ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja ni wa mwili uliobaki, na ubuluu unatokana na shaba, kama wekundu wetu unavyotokana na chuma. Lakini Feri ilitupa kisichoandikwa. Kulikuwa na mwingine aliyetoka majini muda si mrefu, akakatwa mkono, na ule mkono peke yake ukamng'ang'ania Zuhura kidoleni. Alipiga kelele, soko zima likageuka. Baadaye nikamweleza kwamba kama theluthi mbili za chembe za fahamu za pweza ziko mikononi, si kichwani, kwa hiyo mkono unajua kushika hata mwenyewe hayupo. Hajala supu ya pweza tangu siku hiyo. Mimi nimekula yake.

Kadi namba 71 nusura initoe machozi, ya hasira. Inaonyesha mifupa ya dinosauri aliyesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13.27, mrefu kuliko wote waliosimamishwa. Ni kweli kabisa. Ila haisemi katoka wapi! Katoka Tendaguru, mkoa wangu wa Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na vichwa vilivyobeba ile mifupa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, vilikuwa vichwa vya babu zetu. Kadi ya Kiswahili, inauzwa Dar es Salaam, mtoto anaisoma anadhani yule mnyama alizaliwa Ujerumani. Vivyo hivyo kadi ya panya: inasema meno yake ya mbele hayaachi kukua, sawa, lakini Morogoro hapo shirika la Apopo linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Panya wa kwetu mwenye medali! Mtoto gani asingeinuka?

Lakini pengo kubwa ni moja, na linanihusu mimi kwa kazi yangu. Kadi sita zinazungumzia barafu na baridi. Erasto Mpemba hayumo.

Nikawasimulia wajukuu mwenyewe. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja akawahi kuingiza maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa mahali, akaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya moto yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Miaka ikapita, akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Ndipo siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaomcheka, akauliza swali lake lilelile. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Mpaka leo duniani linaitwa kwa jina la yule kijana.

"Uongo," akasema Idrisa, na safari hii nilifurahi kulisikia, maana kibandani nina friza tatu.

Tukachukua vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, maji kiasi sawa, kimoja maji ya ndoo, kingine maji yaliyotoka kuchemka, nikamimina mimi. Masharti yakawekwa: mshindi ni yule atakayeganda juu kote kwanza, na mfuniko wa friza unafunguliwa kila nusu saa, si kila dakika kama alivyotaka Idrisa. Usiku wa kwanza umeme wa Luku uliisha saa mbili, kosa langu. Usiku wa pili maji ya baridi yakatangulia. Idrisa akaruka juu. Usiku wa tatu tukatumia friza kuukuu la mteja, lenye sakafu iliyojaa ile barafu ya unga, na humo ya moto yakatangulia. Zuhura akaruka juu.

Nikavitoa vikombe, nikawaonyesha chini yake. Kikombe cha baridi kilikuwa kimekaa juu ya ule unga mweupe. Kikombe cha moto kilikuwa kimeuyeyusha, kikajichimbia shimo, kikakaa juu ya bati tupu. Wateja nawaambia kila siku: ile theluji mnayoiona ni ishara ya baridi kali, kumbe ni blanketi. Ndani yake kuna hewa, nayo inazuia baridi kupita. Kikombe cha moto kilichana blanketi. Usiku wa nne, friza lilelile, tukaweka kibao cha mninga chini ya vikombe vyote viwili, wa baridi akashinda tena. Hii ni sababu moja kati ya zinazotajwa. Wengine wanataja mvuke unaotoka, kwamba maji ya moto hupungua kabla ya kuganda. Wengine wanataja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Na wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wasilione jambo lenyewe kabisa. Wanabishana mpaka leo, maprofesa wenye vyombo vya gharama, juu ya swali la kijana wa Lushoto na aiskrimu yake. Hilo pia niliwaambia watoto. Idrisa aliuliza kama maprofesa wanasema "uongo" kwa sauti au wanaandika.

Umadhubuti wa bidhaa, nitapita haraka. Boksi lilipasuka wiki ya pili, kadi sasa zinaishi kwenye kopo la biskuti. Ngozi ya nailoni juu ya kadi inabanduka pembeni kwa joto la Dar, na ya kiboko, ile inayosema jasho lake jekundu humkinga na jua, ililowa chai ikachuja wino mpaka kiboko mwenyewe akawa mwekundu. Herufi ni ndogo kwa macho yangu, kwa watoto zinatosha. Umri wa miaka 7 walioandika ni wa matumaini. Idrisa anahitaji msomaji. Kuanzia 9 ni sawa. Na pawe na mtu mzima wa kukaa nao mwenye kalamu ya kusahihishia.

Je, mnunue? Kwa elfu ishirini na tano, hapana. Kwa kumi na tano, ndiyo, mradi uzihesabu kabla hujalipa, na hapa ndipo lilipo neno langu na waliozichapa. Kwangu kadi namba 36 ziko mbili, namba 63 haipo. Nadhani mpangaji aligeuza tarakimu, akaona mia imetimia, akafunga. Na kwa kuwa hakuna orodha ya yaliyomo, hakuna anayejua 63 ilikuwa na nini. Namba 62 ni asali kutooza, namba 64 ni mbuyu kuhifadhi maji kwenye shina. Ukijaribu kukisia kati ya hivyo viwili unaweza kukesha. Zuhura anashikilia ni Magawa. Idrisa ameshaamua kuwa ni Mpemba, kwamba yumo, ila kafichwa, na ukimwambia pengine sivyo unajua atakujibu neno gani.

Nilirudi Samora. Kijana alisema, "Nitakuletea kesho, mzee." Nimepita mara nne. Mara ya mwisho meza haikuwepo, wakaniambia amehamia upande wa Mnazi Mmoja, wengine wakasema Kariakoo. Ukimwona, ni mwembamba, ana kofia ya bluu, anauza kamusi isiyo na jalada. Mwambie yule mzee wa mafriji wa Buguruni bado anaisubiri 63, na akiwa nayo elfu moja ya juu ipo.